Kukua katika Utakatifu: Wito wa Mwamini na Urithi wa Usharika

Mada iliyotolewa katika semina ya wiki ya Jubilei ya Miaka 100 ya Usharika

Masomo ya msingi: Mambo ya Walawi 19:9–18; 1 Wathesalonike 4:1–8



UTANGULIZI

Usharika unapotimiza miaka 100, macho ya watu huanza na yale yanayoonekana. Huonekana jengo la kanisa na mnara wake, nyumba ya mchungaji, shule, kwaya zilizovaa sare mpya, na vitabu vya ubatizo vilivyojaa majina ya vizazi vinne au vitano. Yote hayo ni ya kumshukuru Mungu, na sherehe isiyoyataja ingekuwa na upungufu. Hata hivyo, kitabu cha ubatizo huonyesha siku mtu alipoingia mlangoni. Hakionyeshi alikua kiasi gani baada ya siku hiyo.

Ndiyo maana Jubilei inadai swali la pili: baada ya miaka 100 ya kuhubiriwa Injili katika nchi hii ya Buhaya, waumini wamekua vipi katika utakatifu? Swali hili si la wachungaji peke yao. Mtume Paulo alipowaandikia Wathesalonike, ambao walikuwa Wakristo wachanga katika mji wa biashara, aliwaambia wote kwa pamoja kwamba mapenzi ya Mungu kwao ni kutakaswa. Papo hapo akafafanua: usafi wa mwili, uaminifu wa ndoa, na kutomkosea ndugu. Hakuwapeleka jangwani, bali aliwaacha katika nyumba zao na kazi zao, akawaambia watakaswe humo humo.

Mada hii inasimamia neno moja: mwamini hukua katika utakatifu kwa kurudi kila siku kwenye neema aliyoipokea katika Ubatizo, na neema hiyo humpeleka kwa jirani. Utakatifu unaomtenga mtu na jirani yake aliyeanguka, au aliye mgonjwa, au aliye maskini, umepotea njia hata kama una sura nzuri.

I. MAANA YA UTAKATIFU KATIKA MAANDIKO

Katika Agano la Kale, kitu kitakatifu ni kile kilichotengwa kwa ajili ya Mungu. Vyombo vya Hekalu vilikuwa vitakatifu kwa sababu vilikuwa mali ya Mungu, wala si kwa sababu ya thamani ya shaba au dhahabu yake. Vivyo hivyo taifa la Israeli liliitwa takatifu kwa kuwa Mungu alilichagua na kulitoa utumwani. Utakatifu wa watu ulitoka kwake. Wao walikuwa watakatifu kwa kuwa wake.

Lakini mtu atakayetaka kujua utakatifu huo unafananaje siku ya kazi, na asome sura ya 19 ya Mambo ya Walawi. Sura hiyo inaanza kwa kuwaita watu wawe watakatifu kwa sababu Mungu wao ni mtakatifu. Kisha, badala ya kubaki madhabahuni, inaingia shambani. Mwenye shamba asivune mpaka pembeni kabisa, bali aache sehemu kwa ajili ya maskini na mgeni. Ujira wa kibarua usilale kwa tajiri hadi asubuhi. Kiziwi asilaaniwe, kipofu asiwekewe kikwazo. Mwamuzi asimpendelee tajiri wala maskini. Mtu asipite akichongea watu. Katikati ya maagizo hayo ndipo ilipo amri ile ya kumpenda jirani kama nafsi, ambayo Bwana Yesu aliiweka karibu na amri ya kumpenda Mungu. Mwishoni sura inataja mizani na vipimo vya haki.

Sura hiyo haihitaji kutafsiriwa sana kwa watu wa Kagera. Hapa mizani ni ile inayopima kahawa kwenye chama cha msingi. Ujira wa kibarua ni ule wa kijana anayepalilia kibanja cha migomba na kuambiwa aje kesho, na kesho kutwa, na wiki ijayo. Kumwekea kipofu kikwazo ni kama kununua kahawa ya jirani ikiwa bado ua mtini, kwa bei ya kutupa, kwa sababu ada ya shule ya mtoto wake imemfika shingoni. Biashara hiyo inajulikana kwa jina la butura, na imewatoa machozi wakulima wengi. Anayeifanya anaweza kuwa mtoaji mzuri wa sadaka, na jina lake likasomwa kanisani kwenye orodha ya waliochangia. Neno la Mungu linamwuliza habari ya mizani kabla ya habari ya bahasha.

II. UTAKATIFU NI ZAWADI KABLA YA KUWA KAZI

Hapo ndipo mtu anaweza kuogopa na kusema: nani atakayeweza? Kanisa la Kilutheri lina jibu lililopatikana kwa gharama kubwa. Martin Luther alijitesa miaka mingi katika nyumba ya watawa akitafuta utakatifu utakaompa amani mbele za Mungu. Alifunga, akakesha, akaungama, na amani haikuja. Amani ilikuja aliposoma Waraka kwa Warumi na kuelewa kwamba haki ambayo Mungu anaitaka ndiyo haki ambayo Mungu mwenyewe anaitoa, kwa ajili ya Kristo, na mtu huipokea kwa imani.

Ungamo la Augsburg, lililosomwa mbele ya Kaizari tarehe 25 Juni 1530, limelinda mpangilio huo. Kifungu cha 4 kinafundisha kuhesabiwa haki kwa imani. Kifungu cha 6 kinafundisha utii mpya, yaani kwamba imani hiyo haina budi kuzaa matendo mema. Mpangilio huo una maana. Mkristo hatendi mema ili Mungu ampokee. Amekwisha kupokelewa, na kwa sababu hiyo anatenda mema.

Mkulima wa Buhaya anaujua ukweli huu kibanjani. Mgomba hauzai mkungu ili upate kuwa mgomba. Unazaa kwa kuwa ni mgomba, uliopandwa na mkono wa mwingine, ukawekewa samadi na matandazo, ukanyeshewa mvua ambayo haukuileta. Lakini mkulima huyo huyo anajua pia kwamba mgomba usiozaa mwaka baada ya mwaka una tatizo kwenye mizizi, na hawezi kulitatua kwa kuufungia mkungu wa kununua sokoni.

Kuna makosa mawili yanayolizunguka fundisho hili, na Kanisa limekutana nayo yote mawili. La kwanza ni kutegemea matendo: mtu anahesabu mahudhurio yake, vyeo vyake katika kamati, na miaka yake bila kutengwa na Chakula cha Bwana, kisha anajiona amemaliza. La pili ni kuifanya neema kuwa ruhusa. Tangu mwaka 1537 Luther mwenyewe alilazimika kubishana na Johann Agricola, aliyekuwa rafiki yake, kwa sababu Agricola alifundisha kwamba sheria ya Mungu haina haja ya kuhubiriwa kwa Wakristo. Luther alikataa. Aliona kwamba mtu asiyeonyeshwa tena dhambi yake hatajua tena anachosamehewa.

Miaka 400 baadaye, mwaka 1937, mchungaji wa Kilutheri Dietrich Bonhoeffer alichapisha kitabu chake juu ya kumfuata Kristo, akikemea neema inayogawiwa kwa bei rahisi: msamaha bila toba, ubatizo bila malezi, Ushirika Mtakatifu bila ungamo. Aliandika hayo Kanisa la Ujerumani likiwa chini ya utawala wa Hitler, na wengi waliobatizwa wakiwa wamenyamaza. Aliuawa tarehe 9 Aprili 1945. Maisha yake yanaonyesha kwamba neema ya kweli ni bure kwa mtu anayeipokea, lakini haimwachi alivyokuwa.

III. UKUAJI WA KILA SIKU

Watu wengi hufikiri utakatifu ni ngazi: mtu anapanda daraja moja, halafu la pili, na aliye juu anawatazama walio chini. Luther alifundisha vingine. Hoja ya kwanza kati ya zile 95 za tarehe 31 Oktoba 1517 ilihusu toba, na ilisisitiza kwamba toba ni ya maisha yote ya mwamini. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, ambayo kila mtoto wa Kipaimara ameisoma, alieleza Ubatizo kuwa ni jambo la kila siku: mtu wa kale anazamishwa kwa toba, na mtu mpya anafufuka kuishi mbele za Mungu. Ubatizo ulifanyika siku moja, lakini unatumika kila asubuhi.

Kwa hiyo Mkristo ni mwenye haki na ni mwenye dhambi kwa wakati mmoja. Ni mwenye haki kabisa katika Kristo. Ni mwenye dhambi anapojitazama mwenyewe. Fundisho hili si kisingizio cha kubaki pale pale. Linaeleza kwa nini waumini waliokomaa huongea kidogo juu ya utakatifu wao. Mtu aliye mbali na taa huiona nguo yake kuwa nyeupe. Akiikaribia, huona madoa. Madoa hayakuongezeka, mwanga ndio ulioongezeka.

Dalili za ukuaji ni nini basi? Mwamini anayekua huwahi kuomba msamaha kuliko zamani, na huchelewa kuhukumu. Huweza kusikia sifa za mwingine bila kuumia. Hukumbuka deni lake kabla ya kukumbushwa. Hasira yake haikai siku tatu kama ilivyokuwa ikikaa. Anapoanguka, hakimbilii kujificha, bali hurudi. Tunda la Roho ambalo Paulo aliwaandikia Wagalatia halipimwi kwa sauti wala kwa umri. Mke hulitambua kwa mumewe, mtoto kwa mzazi wake, na mfanyakazi kwa tajiri wake, mara nyingi kabla mwenyewe hajalitambua.

IV. URITHI WA WATANGULIZI NA WA UAMSHO

Injili katika Buhaya haikusubiri wamisionari. Kabla yao walikuwako Wahaya waliojifunza kusoma Neno huko Uganda na kurudi nalo nyumbani. Wamisionari wa Betheli walifika Bukoba mwaka 1910. Betheli ilikuwa mahali pa namna gani? Palikuwa mji wa huduma karibu na Bielefeld, Ujerumani, ulioanza mwaka 1867 kwa ajili ya wagonjwa wa kifafa, watu ambao wengi waliwaogopa na kuwaficha. Wahudumu wa Betheli walitumika pia Lutindi katika milima ya Usambara, makao yaliyoanza kwa watoto waliokombolewa utumwani na baadaye yakawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Hivyo waliokuja Bukoba walitumwa na watu waliokuwa wakila na kusali pamoja na wagonjwa. Urithi huo usisahauliwe, kwa maana utahitajika tena mbele katika mada hii.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowaondoa wamisionari, makundi ya waumini yalishikwa na walimu wenyeji. Walikuwa na Neno, Katekisimo, sala na nyimbo. Hawakuwa na mishahara ya uhakika wala majengo ya kudumu. Kama utakatifu ungetegemea vitu vinavyoonekana, Kanisa lingezimika miaka hiyo.

Kisha ukaja Uamsho. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza aliyehudumu Gahini nchini Rwanda, walikutana Kampala, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 moto ulioanzia kwenye makundi madogo ya Gahini na Uganda ulisambaa Afrika Mashariki, na ukaingia Buhaya. Watu walitubu dhambi zao kwa majina yake. Vitu vilivyoibwa vilirudishwa, madeni yaliyofichwa yakalipwa, wanandoa walionuniana wakapatana. Wazungu na Waafrika waliombana msamaha katika mkutano mmoja, jambo lililoshangaza wengi katika siku za ukoloni.

Miongoni mwa vijana walioguswa na Uamsho huo alikuwa Josiah Kibira, aliyezaliwa mwaka 1925. Mwaka 1964 akawa Askofu, na mwaka 1977 akachaguliwa kuwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo, akaitumikia hadi mwaka 1984. Alifariki mwaka 1988. Katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu Kanisa, ukoo na ulimwengu, alionyesha kwamba Injili haimkuti Mhaya akiwa peke yake. Inamkuta ndani ya ukoo, penye heshima, wajibu, kibanja na makaburi ya wazee. Kwa hiyo utakaso wa mtu mmoja hauwezi kuishia moyoni mwake. Utafika kwenye kikao cha ukoo.

Uamsho ulikuwa baraka, na kuuheshimu kunadai pia kusema ukweli juu ya udhaifu ulioufuata mahali pengi. Baadhi walianza kuupima wokovu kwa ushuhuda uliosemwa kwa maneno fulani. Asiyetumia maneno hayo alihesabiwa kuwa bado, hata kama alikuwa mzee aliyeomba miaka 40. Wengine walitazama mavazi na nywele. Ungamo la dhambi, lililokuwa mlango wa uhuru, wakati mwingine likawa njia ya kutaja dhambi za wengine. Mahali pengine ushirika uligawanyika. Funzo lake ni hili: karama ya Mungu ikishikwa kama kipimo cha kuwahukumia ndugu, hugeuka kuwa sheria mpya. Kazi ya kizazi hiki ni kuupokea moto bila kuupokea moshi.

V. UTAKATIFU ULIPOWEKWA KWENYE MIZANI

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa katika Mkoa wa Kagera, katika Hospitali ya Ndolage, hospitali ya Kanisa. Ugonjwa haukuwa na jina wakati huo. Watu waliuita Juliana, kwa jina la nguo za biashara ya magendo zilizokuwa zikipendwa siku hizo. Mkoa ulikuwa bado haujapumua baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Sasa vijana waliokuwa nguvu ya nyumba walianza kukonda na kufa, na bibi wazee wakarudi kulea watoto wachanga.

Katika siku hizo aina mbili za utakatifu zilikutana katika kila usharika. Aina ya kwanza ilisimama mbali. Ilisema kwamba wagonjwa wamevuna walichopanda. Ilihofia kikombe cha Chakula cha Bwana, ikahesabu mazishi, ikanong'ona majina. Ilikuwa na maneno mengi ya kweli juu ya dhambi, lakini haikuwa na maji ya kumnawisha mgonjwa. Aina ya pili iliingia ndani ya nyumba. Ilikuwa akina mama wa usharika waliobeba uji, wauguzi waliogeuza wagonjwa kitandani, wainjilisti walioketi chini wakasoma Zaburi, na wazee waliochimba makaburi leo na kesho tena. Wengi wao hawakuitwa watakatifu na mtu yeyote.

Ni aina ipi iliyofuata Bwana wa Kanisa? Injili ya Luka, sura ya 5, inaeleza jinsi Yesu alivyomgusa mwenye ukoma. Kwa desturi ya wakati ule, anayemgusa mwenye ukoma hunajisika. Hapa ikawa kinyume: usafi wa Yesu ulimwendea mgonjwa, na ugonjwa haukumshinda Yesu. Huo ndio utakatifu wa Agano Jipya. Hauogopi kuchafuka kwa kugusa. Kanisa ambalo mizizi yake iko Betheli, kwa wagonjwa wa kifafa, halikuwa na sababu ya kushangaa kwamba njia yake inapita tena kwa wagonjwa.

Dayosisi ilianzisha Huduma ya Watoto, inayojulikana kwa jina la HUYAWA, kwa ajili ya yatima, na maelfu ya watoto wakapata sare, madaftari na mtu wa kuwauliza habari zao. Tangu mwaka 2004, dawa za kupunguza makali ya virusi zilipoanza kutolewa bure nchini, wengi waliokuwa wakisubiri kaburi walirudi shambani, kwenye kwaya na katika vikao vya Wazee. Leo mwamini anayeishi na virusi na kutumia dawa ipasavyo anaweza kuona wajukuu wake.

Kusema hivyo si kupunguza neno la Mungu juu ya mwili. Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Uaminifu katika ndoa, kujitunza kabla ya ndoa, na ulinzi wa wasichana dhidi ya wanaume wenye fedha ni sehemu ya utakatifu, na usharika unaoona aibu kuyafundisha hayo unawaacha vijana wake wafundishwe na wengine. Lakini anayefundisha hayo na afundishe akiwa ameketi kando ya kitanda. Neno moja likisemwa kutoka mlangoni huwa hukumu. Likisemwa kando ya kitanda laweza kuwa dawa.

VI. NJIA ANAZOZITUMIA MUNGU

Mungu hukuza utakatifu kwa njia za kawaida, na kwa sababu ni za kawaida hudharauliwa.

(a) Neno la Mungu. Neno huonyesha dhambi na huleta msamaha. Nyumba inayosoma sura moja jioni, hata kwa mwanga wa koroboi, imemwekea Roho Mtakatifu kiti.

(b) Chakula cha Bwana. Anayekuja mezani akiwa amejiona hastahili, na akaamini kwamba umetolewa kwa ajili yake mwili ule na damu ile, amekuja ipasavyo. Meza si tuzo ya waliokwisha kukua. Ni chakula cha wanaokua.

(c) Sala. Katekisimo Ndogo inamfundisha mwamini sala fupi ya asubuhi na ya jioni. Baada ya ile ya asubuhi anaagizwa aende kazini kwa furaha. Sala na kazi zimefungwa kwa kamba moja.

(d) Ungamo na msamaha. Kanisa la Kilutheri halikufuta ungamo la faragha mbele ya mchungaji, ila limesahauliwa. Kuna mizigo ambayo mtu hawezi kuitua mbele ya mkutano, lakini anaweza kuitua mbele ya mtumishi mmoja anayetunza siri na kutamka msamaha kwa jina la Kristo.

(e) Jumuiya. Katika nyumba ya jirani mtu huomba pamoja na yule aliyegombana naye juu ya mpaka wa kibanja. Hapo utakatifu huacha kuwa nadharia.

(f) Wito wa kazi. Hili linahitaji maneno zaidi. Luther alifundisha kwamba mama anayembadilisha mtoto nepi, mkulima jembeni na hakimu kitini wanamtumikia Mungu sawasawa na mchungaji madhabahuni, ikiwa wanafanya kwa imani na kwa faida ya jirani. Mwalimu asiyekosa kipindi anatakaswa darasani. Muuguzi asiyedai chochote ili mgonjwa apewe kitanda anatakaswa wodini. Dereva wa pikipiki anayerudisha simu ya abiria anatakaswa barabarani. Diwani anayekataa asilimia yake katika zabuni ya daraja anatakaswa ofisini, na huenda yeye akalipa gharama kubwa kuliko wote.

VII. UTAKATIFU WA USHARIKA WOTE

Mwezi Juni 1977 Mkutano Mkuu wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani ulifanyika Dar es Salaam, wa kwanza kufanyika Afrika. Mkutano huo ulitamka kwamba ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini unagusa ungamo la imani lenyewe, na makanisa yalipaswa kuukataa waziwazi. Mwaka 1984, katika mkutano wa Budapest, makanisa mawili ya wazungu ya Kusini mwa Afrika yalisimamishwa uanachama kwa sababu hawakuwa tayari kuachana nao. Funzo ni kwamba dhambi inaweza kuketi katika taratibu, si katika moyo wa mtu mmoja tu. Watu wenye adabu nzuri wanaweza kuhudhuria ibada kila Jumapili na kuishi ndani ya uonevu bila kuuona.

Swali hilo huja nyumbani pia. Mwaka 1990 Mahakama Kuu mjini Mwanza, katika kesi iliyotoka Kagera, iliamua kwamba mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo ana haki ya kuiuza kama mwanamume. Mahakama ilitangulia kusema jambo ambalo mimbari nyingi zilikuwa hazijalisema. Wajane wengi wa miaka ya UKIMWI walifukuzwa vibanjani na ndugu wa mume waliokuwa wamebatizwa, huku matanga yakiwa hayajaisha. Usharika mtakatifu haumalizi wajibu wake kwa kuimba msibani. Unafika kwenye kikao cha ukoo na kuuliza mjane atalala wapi.

MASWALI YA KUJITATHMINI

1. Je, kuna mtu katika usharika aliyeacha kuja ibadani kwa sababu ya maneno yaliyosemwa juu yake, na ni nani atakayemfuata nyumbani?
2. Je, hesabu za sadaka zinasomwa wazi, na swali la mshirika maskini linajibiwa kwa heshima ile ile anayopewa mfadhili?
3. Je, wafanyakazi wa Wakristo, wa shambani na wa nyumbani, wanalipwa kwa wakati?
4. Je, wazazi wanawafundisha watoto Katekisimo, au kazi hiyo imeachwa yote kwa mwinjilisti?
5. Je, ugomvi wa uongozi ukitokea, unamalizwa kwa toba au kwa kuhesabu kura peke yake?

HITIMISHO

Wapendwa katika Bwana, waumini wa kwanza wa Buhaya hawakuacha mali nyingi. Waliacha Neno walilolisikia, na maisha yaliyolifanya liaminike kwa majirani zao. Miaka 100 ijayo, watakaosoma kitabu hiki watayaona majengo ya sasa yakiwa ya zamani, na huenda mengine yatakuwa yamebomolewa na kujengwa upya. Kile ambacho hakitahitaji kujengwa upya ni mjane aliyebaki kibanjani mwake, mtoto yatima aliyesomeshwa, mgonjwa aliyeguswa, na deni lililorudishwa bila shahidi. Hayo yameandikwa mahali ambapo mchwa hawafiki.

Waraka kwa Waebrania unawaonya Wakristo waitafute amani na watu wote, na huo utakatifu ambao pasipo huo hakuna atakayemwona Bwana. Amani na utakatifu vimewekwa katika sentensi moja, na usharika usivitenganishe.

Mungu Baba, aliyewaita watu wake. Mwana, aliyewanunua kwa damu yake. Na Roho Mtakatifu, anayewatakasa kila siku, na aukuze usharika huu katika karne yake ya pili, mpaka kazi njema aliyoianza itakapokamilika siku ya Kristo Yesu. Amina.